Outlook mpya ilihitaji kufuli, wakaziba mlango

Outlook mpya ya Windows, iliyoanza kutolewa rasmi kwa wote Agosti 2024, haina COM, njia ya Windows ya programu moja kuiendesha nyingine, wala VBA, lugha ya makro za Office. Makro yako ya Excel ikiita GetObject(, "Outlook.Application"), Outlook mpya haiitiki, hata kama dirisha lake liko wazi mbele ya macho yako. Walioiendesha Outlook kutoka Excel na Access tangu Outlook 97 wanajua uzito wa jambo hili. Ni kosa, tena si la bahati mbaya, kwa sababu mtu aliketi akaamua.

Sura ya programu ni safi, na kalenda imepangwa vizuri. Hapo sina neno.

Turudi kwenye uamuzi, tuutazame hatua kwa hatua. Mwisho wa mwezi mhasibu ana jedwali la Excel lenye majina, anwani na njia za faili za hati za mshahara. Makro inaishika Outlook ambayo tayari inafanya kazi, inaunda barua kwa CreateItem, inajaza To na Subject, inatia kiambatisho kwa Attachments.Add, kisha inafika njia panda: .Send au .Display. Anayejua kazi huandika .Display. Barua inafunguka kwenye skrini, mhasibu anahakikisha hati ya Asha haiendi kwa Juma, ndipo anabonyeza kutuma kwa mkono wake. Programu moja imeandaa, nyingine imeonyesha, na aliyeamua ni mtu. Sijaona mgawanyo wa kazi ulio salama kuliko huo.

Upande wa pili, wa kusoma kutoka Outlook, nao ulikuwapo. ActiveExplorer.Selection iliiambia programu yako ni barua ipi mtu ameichagua dakika hiyo, ikaichukua na kuiingiza kwenye rejista ya wateja. Habari hiyo iko kwenye dirisha la mtumiaji tu. Seva haijui kilichowekewa alama kwenye skrini yako.

Microsoft wanatuelekeza kwenye Graph, kiolesura chao cha kufikia data iliyo kwenye seva zao. Kwa kazi za seva, Graph ni chombo kizuri. Ila Graph huzungumza na sanduku la barua lililo kwenye seva, haizungumzi na programu iliyo mezani. Ni lazima usajili programu yako Entra, huduma yao ya utambulisho, upewe ridhaa, na uwe na intaneti kwa kila mwito. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, Tanzania na majirani zake waliona intaneti ikizorota vibaya. Katika hali kama ile, makro ya Outlook ya zamani huandaa barua zote, zikakaa Outbox zikisubiri mtandao urudi. Mwito wa Graph hufia hatua ya kwanza. Programu-jalizi za wavuti zimebaki, na zinaweza kufungua fomu ya barua, lakini zinaishi ndani ya Outlook. Excel iliyo nje haina pa kupiga hodi.

Tunaambiwa Outlook mpya imejengwa kwa teknolojia ya wavuti, juu ya WebView2. Sawa, lakini dirisha hilo la wavuti linabebwa na mchakato wa Windows, na mchakato huo ungeweza kujisajili kwenye COM kama programu nyingine yoyote ya Windows. Kilichokosekana ni nia.

Hoja ya usalama ndiyo nzito zaidi, nami siipuuzi. Tarehe 4 Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kiliingia kwa njia hiihii ya COM. Skripti ya VBScript iliita Outlook.Application, ikapitia kitabu cha anwani, ikajituma kwa kila aliyemo. Lakini kumbukeni jibu la wakati ule. Mwaka huohuo Microsoft walitoa sasisho lililoonyesha onyo kila programu ya nje ilipogusa anwani au kujaribu kutuma barua. Lilikera, ila lilikuwa sahihi. Mlango alioupitia mwizi hutiwa kufuli. Hauzibwi kwa matofali wakati wenye nyumba bado wanautumia. Apple walifuata njia hiyo ya kufuli mwaka 2018 katika macOS Mojave: programu ikitaka kuiendesha nyingine kwa Apple Events, mfumo humwuliza kwanza mwenye kompyuta, naye anaweza kuibatilisha ruhusa baadaye kwenye mipangilio.

Kwamba programu inahitaji mlango rasmi wa kuendeshwa na nyingine, waliotangulia walilielewa mapema. William Hawes alitoa ARexx kwa ajili ya Amiga mwaka 1987. Kila programu iliyoikubali ilifungua bandari yenye jina lake, skripti ikataja jina hilo kwa ADDRESS na kutoa amri. Mwaka 1993 AppleScript ikaongeza kamusi ndani ya kila programu inayoendeshwa, ukaweza kusoma mwenyewe inakubali amri zipi. Hayo yalifanyika kwenye mashine ambazo leo simu ya bei rahisi inazizidi mbali.

Na sasa nasema tena nililolisema miaka yote kuhusu SendKeys, amri inayoiga ubonyezaji wa kibodi. Ukiondoa mlango rasmi, ofisi haziachi kuhitaji kazi ifanyike. Zinakimbilia roboti za kubofya skrini. SendKeys haijui inaandika wapi. Hutupa herufi kwenye dirisha lolote lililo mbele. WhatsApp ya mezani ikirukia juu katikati ya kazi, jina na mshahara wa mtu vinaandikwa kwenye soga ya kikundi. Aliyeondoa COM akidhani anaongeza usalama amewasukuma watu kwenye njia isiyo na ulinzi wowote.

Microsoft wameahidi kuitunza Outlook ya zamani hadi angalau 2029. Mwenye makro zinazofanya kazi asibonyeze kitufe cha kuhamia mpya, wala asikubali mtaalamu yeyote amwandikie upya kwa SendKeys. Na tuwadai Microsoft amri tatu tu kwa ridhaa ya mtumiaji: kuunda barua, kuionyesha, na kusoma kilichochaguliwa. Bila hizo, Outlook mpya haijafikia kuirithi ya zamani.