Hilali Mlangoni mwa Choo: Fumbo na Nia katika Katuni ya Johnny Hart

Wengi wetu huziona katuni za magazetini kuwa ni upuuzi wa kupitishia wakati, na mwanachuoni akizijadili huambiwa amejishusha. Lakini kule Marekani ukurasa wa katuni ulikuwa mimbari kwa muda mrefu. Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts, aliwatia watoto wake maneno ya Biblia vinywani. Bill Watterson naye alimpa mtoto wa katuni yake jina la Calvin, yule mwanatheolojia wa kadari. Tunayemkusudia hapa ni Johnny Hart, kwa kuwa yeye ndiye aliyewagusa Waislamu.

Hart alianzisha katuni ya B.C. mwaka 1958. Ni mizaha ya watu wa mapangoni, na jina lake lina maana ya "kabla ya Kristo". Katika miaka ya 1980 alishika Ukristo kwa nguvu, akafundisha shule ya Jumapili kanisani kwao, na watu wake wa mapangoni wakaanza kumhubiri Kristo ambaye, kwa jina la katuni yenyewe, hajazaliwa bado! Mwaka 1996 gazeti la Los Angeles Times liliacha kuichapa katuni yake ya Jumapili ya Matawi.

Tarehe 10 Novemba 2003, katikati ya Ramadhani ya mwaka 1424, alichora mtu akiingia usiku katika choo cha nje. Angani pana hilali, na mlangoni mwa choo pana hilali. Mlango unajibamiza, na sauti yake imeandikwa kwa neno la Kiingereza SLAM, herufi zikiwa zimesimama wima. Kisha mtu yule anauliza kutoka ndani iwapo ni yeye tu anayesikia uvundo. Wasomaji waliuunga mstari wa wima wa mchoro na lile neno, wakapata ISLAM. Baraza la Mahusiano ya Marekani na Uislamu, CAIR, lilitaka maelezo. Hart akakana, akasema ni mzaha wa choo basi.

Tuhuma haikuwa dhaifu. Kulikuwa na mwezi mtukufu, hilali zilizokaririwa, na neno lililosimamishwa wima bila ya haja. Tena mbingu ya siku zile haikuwa na hilali: mwezi ulikuwa mpevu, na usiku wa kuamkia tarehe 9 ulipatwa. Ama upande wa pili, hilali mlangoni mwa choo cha nje ni alama ya kale ya wachoraji wa Marekani, wala haina uhusiano na misikiti. Na katuni hizi huchorwa wiki kadhaa kabla ya kuchapwa.

Basi fumbo lahukumiwaje? Fuqahaa walilikuta suala hili katika mlango wa kadhfu. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba watu wawili walitukanana zama za Sayyidna Umar (r.a.), mmoja akasema kuwa baba yake si mzinifu wala mama yake. Umar akataka shauri. Yupo aliyesema kuwa mtu huyu amewasifu wazazi wake tu. Wengine wakasema wazazi wale walikuwa na sifa nyingine za kutajwa. Akachapwa viboko themanini. Kwa hiyo Malik akaitia taaridhi iliyo wazi katika hukumu ya tamko sarihi. Abu Hanifa na Shafi'i hawakuiwekea haddi, na katika madhehebu yetu mwenye kutamka kinaya akikana kukusudia, husadikiwa kwa kiapo chake.

Sisemi mchoraji achapwe! Tunaazima namna ya kusoma tu. Wale wa shauri la Umar walitazama maneno yaliyoachwa, si yaliyotamkwa peke yake. Na huo ndio uhakiki. Ukiisoma katuni ile kwa jicho la Malik, herufi za wima zitakukera, kwa sababu mlango hujibamiza vizuri tu kwa herufi za kulala. Mimi naona karina ni nzito lakini haijafika kuwa bayana, na Suratul-Hujurat imetuamuru kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu. Aliyekana ameachiwa nia yake.

Isitoshe, jambo zito zaidi halihitaji kiapo. Pasaka ya tarehe 15 Aprili 2001 Hart alichora kinara cha Kiyahudi cha mishumaa saba, kikizimika mshumaa mmoja mmoja kwa maneno ya mwisho ya Yesu, mpaka kinara kikageuka msalaba. Mayahudi walilalamika. Hart aliwataka radhi waliokereka, akasema alikusudia kuziheshimu dini zote mbili. Hiyo ni ikrari: maana ya kidini aliikubali mwenyewe. Na mchoro unasema kinyume cha heshima, kwani taa ya wenzake haiwi msalaba ila kwa kuzimwa. Schulz alikuwa mpole zaidi. Mtoto wake Linus, ajuaye Biblia, ndiye huyo huyo akeshaye kila mwaka akimngoja Boga Kuu lisilokuja, na msomaji humcheka na kumhurumia. Kwa Hart mwenye imani hakosei kamwe, na hapo mzaha wake hufa.

Hart alifariki tarehe 7 Aprili 2007, mkesha wa Pasaka, akiwa kwenye meza yake ya kuchorea. Muislamu anayetaka kumhoji aanzie kwenye kinara, ambako maana imekubaliwa, wala asianzie chooni.