Mkuyu Umeiva Baraka!

Acheni mpira, acheni redio, acheni hata ubishi wa bei ya dola. Kuna mkuyu umeiva pembeni mwa Baraka, upande wa njia ya kwenda mto Mutambala, na yanayotendeka juu yake alfajiri hayana tiketi, hayana kiingilio, wala hayana mkubwa wa kusubiriwa ndipo sherehe ianze. Ndiyo kwanza nimeyaona. Naandika haya shingo bado inaniuma, na bado sijatulia.

Sherehe yenyewe ni ya ndege wala matunda, na majira yake ni haya haya tunayoyalaumu kila siku: kiangazi. Juni mvua inakatika, vumbi linapanda, maembe hakuna, na mtu unadhani hakuna kiumbe anayeshiba kati ya milima ya Fizi na ziwa. Kumbe mkuyu haufuati kalenda yetu. Unaweza kuiva Julai wakati mkuyu wa jirani una majani matupu, na ndege wa nusu ya mji wakapata habari kabla ya binadamu yeyote.

Wenzetu wa Ulaya na Amerika Kaskazini nao wana tamasha lao la majira ya baridi. Kuna ndege wa jamii ya Bombycilla, wenye kishungi na vitone vyekundu kwenye mabawa, ambao njaa ikiwabana huko kaskazini hushuka mijini kwa mamia, wakaisafisha miti ya matunda madogo katika bustani na viwanja vya maduka. Matunda yakiwa yamechacha, baadhi yao hulewa na kuanguka. Watu huvaa makoti mawili kwenda kuwatazama. Hapa Baraka unahitaji kandambili tu.

Sasa nimtaje bingwa wa onyesho: ninga.

Nilifika kiza hakijaisha vizuri, jua bado liko nyuma ya rasi ya Ubwari, nikautazama mkuyu nikaapa hauna kitu. Majani tu. Kisha jani moja likageuza kichwa. La pili likajinyoosha. Nikaanza kuwaona mmoja mmoja, na kila nilipodhani nimemaliza kuhesabu, tawi jingine linatikisika. Ni njiwa, ndiyo, lakini msahau njiwa wa sokoni. Mwili ni wa kijani iliyopauka, mzizi wa mdomo ni mwekundu, begani ana alama ya zambarau, na miguuni manyoya ya manjano yanayong'aa, kana kwamba amevaa soksi za Jumapili. Tena hatembei tawini, anapanda! Anashika kijiti kwa vidole, anajivuta, anageuka kichwa chini miguu juu, ananyoosha shingo mpaka mwisho wake, anadonoa. Kasuku ndiye mwenye mwendo huo. Njiwa ameujifunza wapi, sijui, ila anaufanya bila haya.

Mmoja aling'oa kuyu, likamponyoka, likadondoka karibu na mguu wangu. Nikaliokota nikalipasua. Ndani rangi ya waridi, mbegu ndogo zisizohesabika, na kati ya mbegu vijinyigu vimekufa, vidogo kiasi kwamba ungevidhania chembe za mchanga. Hao ndio wanaoiendesha sherehe nzima. Aina nyingi za mkuyu duniani zina nyigu wake maalumu. Jike anaingia ndani ya kuyu changa akiwa na poleni, anataga mayai, anafia humo. Watoto wakikomaa, madume wasio na mabawa hutoboa tundu ili majike watoke, na wao hufia humo humo. Jike aliyetoka ana muda mfupi sana wa kuutafuta mkuyu mwingine ulio tayari. Kwa hiyo mikuyu yote ikiiva mwezi mmoja, nyigu wameisha, na mikuyu yenyewe imeisha nao. Ndiyo maana huu unaiva leo, ule mwezi ujao, mwingine katikati ya kiangazi wakati miti mingine imefunga duka. Na ndiyo maana kundi linatokea ghafla, linakula, linapotea, nawe unabaki unajiuliza kama uliota.

Na sauti zao! Usitegemee ule mlio mtamu wa njiwa wa alasiri. Ninga anaanza kwa kuguna, anapandisha makelele ya kukwaruza, anashusha kwa mngurumo wa mtu anayesukuma gari bovu, halafu ananyamaza kana kwamba hakusema kitu. Kunguru akipita juu, kundi zima linaganda. Hakuna unyoya unaotikisika, na mkuyu unarudi kuwa majani. Ukisogea hatua moja zaidi, wanalipuka wote kwa pamoja kwa kishindo cha mabawa, na moyo wako unaruka nao.

Ninga ana heshima zake. Vituko viko kwa kuzumburu. Hawa ni wale wa rangi ya vumbi, wenye kishungi na mkia mrefu kuupita mwili, wanaokimbia ndani ya matawi kwa mwendo wa panya. Ndege wa ukoo huu wako Afrika tu, aina 6 kwa jumla, na huwakuti popote pengine duniani. Wakishashiba hawaondoki. Wananing'inia kwenye tawi lililo wazi, wamebanana bega kwa bega, wamelielekezea jua matumbo yao. Joto linawasaidia kusaga majani na matunda waliyojaza. Niliwatazama wamelala hivyo, matumbo nje, ndugu watupu wa ukoo mmoja baada ya karamu, nikacheka peke yangu barabarani mpaka waendesha moto wakapunguza mwendo. Mwenye mpapai nyumbani hatacheka, najua. Hao hao humtoboa papai kabla hajalionja.

Kijana mmoja alisimama kando yangu, manati shingoni.

"Papa, unatafuta nini huko juu?"

"Ndege."

"Wa kula?"

"Wa kutazama."

Akanitazama mimi kwanza, kwa huruma. Kisha akainua macho. Haukupita muda, yeye ndiye aliyekuwa ananionyesha: yule pale, papa, si huyo, yule wa chini yake, mwenye mguu wa manjano! Macho ya miaka kumi yanaishinda darubini yoyote. Shore wenye vichwa vyeusi, ambao mimi nilikuwa nawapuuza kwa sababu wamejaa kila ua la mji, yeye aliwajua kwa sauti na alijua kiota chao kiko wapi. Aliniambia, nami sitaandika hapa.

Kasoro? Zipo, na mpenzi wa kweli hazifichi. Shingo itakuuma. Shati litapakwa, maana wanaokula juu wanatoa pia, na kwa mkuyu hiyo ndiyo faida: shore na kuzumburu huzisafirisha mbegu tumboni na kuzipanda mbali bila kulipwa. Jua likishapanda vizuri, kama saa mbili, onyesho linapoa. Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba miti yenyewe inapungua. Baraka imebeba watu wengi, waliokimbia vijiji vyao na waliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996, na kila chungu kinataka makaa. Simlaumu mama mwenye chungu. Nasema tu kwamba mkuyu mkubwa ukikatwa, hata ukipandwa mwingine kesho, wa kuushuhudia ukilisha kundi kama hili ni wajukuu.

Ukishanogewa, panda Fizi. Kwenye mabonde yenye miti utamkuta kulukulu wa zambarau, mwenye kishungi chekundu, na hapo ndipo nilipokosa maneno. Akiwa ametulia ni zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Akiruka anafungua mabawa, na ndani yake ni nyekundu ya moto! Wekundu huo si mwanga unaokuchezea macho. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza, Arthur Church, aliichunguza rangi hiyo akakuta ndani yake kuna shaba. Shaba kweli, hii hii inayochimbwa Katanga. Ndege wa jamii hii ndio wenye rangi hiyo. Huyu anakula matunda, anakusanya shaba yake kidogo kidogo, anaivaa. Hakuna kampuni, hakuna mkataba, hakuna lori mpakani.

Wataalamu wengi wakija upande wetu hukimbilia Itombwe, hifadhi ya tangu 2006 ambayo sehemu yake iko Fizi, yenye zaidi ya aina 560 za ndege. Wanamtafuta bundi aliyepatikana mara ya kwanza mwaka 1951 na asishikwe tena hadi 1996. Wana haki yao. Lakini bundi huyo anahitaji msafara, wapagazi na bahati ya miaka. Ninga anahitaji uamke mapema.

Na msidhani mwisho wa kiangazi ndio mwisho wa mambo. Ulaya ikiganda, wageni wa kaskazini hushuka mashariki mwa Kongo, akiwemo yule dume wa manjano mwenye mabawa meusi, apendaye makuyu kama wenyeji. Michikichini angalia pia tai mweupe na mweusi, mwenye ngozi nyekundu kuzunguka jicho: tai mzima, mdomo wa kurarua nyama, na chakula chake kikubwa ni ngazi, zile zile tunazokamulia mawese. Nilipoambiwa sikuamini. Mtazameni wenyewe.

Kwa sasa ni mkuyu huu, na matawi ya chini tayari yameanza kubaki matupu. Nendeni wiki hii, mfike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, vaeni shati msilolipenda, mchukueni na mtoto mwenye macho makali. Manati yabaki nyumbani.