Mvua ya Julai Hombolo

Hombolo, mvua ya Julai ni ya kutiliwa shaka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Ukifungua kanzidata ukakuta milimita 38 tarehe mosi Julai, usishangilie muujiza. Yaelekea hiyo ni mvua ya Januari 7. Aliyesoma kipima mvua aliandika 07/01, siku ikitangulia kama tulivyofundishwa shuleni. Programu iliyozoeshwa utaratibu wa Kimarekani ikasoma mwezi kwanza.

Nawavulia kofia wanaolinasa kosa hili, maana halipigi kelele. Tarehe 25/01 hugoma palepale, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Zinazotisha ni zile zinazopokelewa. Piga hesabu: katika mwaka wa siku 365, siku 221 zina namba iliyozidi 12, nazo zitakataliwa. Katika 144 zinazobaki, 12 kama 1/1 na 2/2 hazidhuriki, na 132 huhamia mwezi mwingine bila hodi. Mvivu hufuta zilizogoma akaendelea na kazi. Kumbe ametupa zile zisizo na utata na kubakisha zilizopotoka! Fundi hufanya kinyume chake. Zilizogoma huzitumia kama ushahidi wa namna daftari lilivyoandikwa, kisha huzirudia zilizopita, moja baada ya nyingine, akiujua msimu wa mahali hapo kama mkulima wa mtama anavyoujua.

Saa nazo zina vituko vyake. Kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi. Mwingizaji data akijaza 03:00, kipimo kimerudishwa nyuma saa sita, na kompyuta haina la kusema. Lakini si kila 03:00 imetokana na saa zetu za Kiswahili. Ukiona 1970-01-01 03:00, kifaa kimepoteza saa yake: mifumo mingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa, na wakati huo huku kwetu ilikuwa saa 9 usiku. Tarehe zikipishana kwa siku 1,462 kamili, muulize aliyeleta jedwali kama lilitoka kwenye Mac ya zamani, kwa sababu Excel yake ilianza kuhesabu mwaka 1904 badala ya 1900.

Kazi hii haina sifa mitaani, ila matunda yake yako jirani. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo vya maji ya ardhini huko Makutupora, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma. Ulionyesha kwamba maji hayo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, wala si kila mwaka. Jambo kama hilo huwezi kuliona ikiwa mvua ya Januari imeandikwa Julai.

Basi wewe unayeshika kalamu kando ya kipima mvua, andika jina la mwezi kwa herufi. Unayeingiza data, tanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2019-01-07. Na baada ya kuingiza, tafadhali, lile daftari la karatasi msilichome.