Pedali ya Igogo

Kibanda kiko chini ya mlima, pale Igogo ambapo nyumba zimepanda katikati ya mawe makubwa hadi mgeni anajiuliza saruji ilifikaje kule juu. Riziki ya fundi ni redio na sabufa. Jioni, wateja wakipungua, anavuta droo na kutoa boksi la chuma, lile la kufungia swichi ukutani. Ndani yake anatengeneza pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, kazi ya mpiga gitaa mmoja wa kwaya.

Gitaa la umeme hutoa umeme kidogo, mara nyingi usiofika volti 1. Transista ya kwanza, BC547, inaukuza kwa nguvu ya betri ya volti 9. Baada yake zimekaa nyingine mbili, zimepishana kichwa na mkia, kila moja kolekta yake imeunganishwa na besi ili ifanye kazi ya dayodi. Wimbi likipanda kufikia kama volti 0.6, moja inafunguka na kumwaga ziada. Likigeukia chini, mwenzake anapokea. Vilele vinakatwa, na sikio linapata ile sauti nzito yenye mkwaruzo.

Nilimwuliza kwa nini asitumie dayodi za kawaida, maana kila bodi mbovu inazo.

"Dayodi inafunguka kivivu, kaka. Hii inakaa kimya, halafu inaachia mara moja."

Kisha akafanya jambo ambalo silisahau. Akang'oa transista ya upande mmoja, akachukua AC128 kutoka redio kuukuu, kikopo cha bati chenye miguu mitatu mirefu. Hiyo ni ya jemaniamu, nayo hufunguka mapema, kwenye volti 0.2 hivi. Kwa kuwa ni PNP, akaigeuza kabla ya kuilehemu. Risasi ilipoyeyuka alipuliza polepole, akasubiri ipoe, akatikisa mguu kwa kucha kuona kama umeshika. Sasa upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine. Pande zikikatwa sawasawa, sauti ya oktavu ya juu haijitokezi. Zikitofautiana, inaibuka juu ya noti yenyewe, na gitaa linakuwa kama linaimbwa na watu wawili.

Alijaribu AC128 tano. Namba ni ileile, sauti tano tofauti. Wala hakuamua mchana: saa nane, chini ya bati, jemaniamu hupata joto na kuvujisha umeme. Pedali ya Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966 na transista za jemaniamu, ilijulikana kwa kubadilika sauti kulingana na joto la jukwaa. Mimi naona subira hiyo ya kungoja jua lipungue ndiyo ufundi wenyewe. Kulehemu hujifunza yeyote.

Kijana wa kwaya akafika. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Chomeka. Piga taratibu kwanza."

Noti ikatoka safi. "Sasa piga kwa nguvu." Ikanguruma. Kijana akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, mngurumo ukarudi kuwa noti safi, akaongeza tena, akapunguza tena, macho yamefumbwa. Fundi alikuwa ameshika kifuniko mkononi, hajafunga skrubu hata moja, akisikiliza.