Mguu Unaoning'inia: Namna ya Kupima Ubora wa Bodi ya Mantiki

Ubora wa bodi ya mantiki huonekana kwanza kwenye miguu isiyo na kazi. Chipu ya 74HC00 ina malango manne. Saketi ikihitaji matatu, lango la nne hubaki, na miguu yake miwili ya kuingizia haina pa kwenda. Fundi makini huifunga kwenye hasi au chanya. Mzembe huiacha ikining'inia, kwa hoja kwamba lango lenyewe halitumiki. Mkaguzi mzoefu huanzia hapo, kabla hata ya kuwasha umeme.

Sababu imo ndani ya chipu. Katika familia ya CMOS, ambamo 74HC imo, kila mguu wa kuingizia huishia kwenye transista mbili, moja ya kuvuta juu na nyingine ya kuvuta chini, na kati ya mguu na transista hizo kuna utando mwembamba wa oksidi usiopitisha mkondo. Uwezo wa mguu huo kushika chaji ni pikofaradi chache tu, kwa hiyo hata kidole kikipita karibu huweza kubadilisha volteji yake. Volteji ikikwama katikati, transista zote mbili hufunguka nusunusu na mkondo hukatiza moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi. Betri huisha bila kazi yoyote kufanyika. Wakati mwingine lango huanza kuyumba lenyewe kwa kasi, likichafua umeme wa majirani zake. Ndipo ile hoja ya "halitumiki" inapoanguka. Mazoea haya mabaya yana chimbuko: katika chipu za zamani za TTL, mguu ulioachwa wazi kwa kawaida ulisomeka kama 1, na wengi walijifunzia huko. Miguu ya kutolea ndiyo inayoachwa wazi, kamwe isifungwe.

Kwenye mguu wenye swichi, kinachokaguliwa ni rezista ya kuvuta, inayoupeleka mguu kwenye chanya au hasi swichi ikiwa wazi. Kiloomu 10 ni chaguo la kawaida na lina hesabu nyuma yake. Mguu wa 74HC unaweza kuvujisha hadi mikroampia 1, ambayo kwenye kiloomu 10 hupoteza milivolti 10 tu. Kwenye megaomu 1 ingepoteza volti nzima. Omu 100 nazo zingekula miliampia 50 kila swichi ya volti 5 inapobonyezwa. Mtego uliojificha zaidi uko kwenye kidhibiti kidogo: kinapowashwa, miguu yake mingi huwa ya kuingizia hadi programu iseme vinginevyo, hivyo hata mguu wa kuendesha mota huning'inia kwa muda. Mota inayoshtuka kila umeme unapowashwa huashiria rezista iliyosahauliwa.

Mguu uliofungwa vizuri bado unaweza kupokea ishara ya polepole, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri huteleza. Kwa chipu ya 74HC04 inayolishwa volti 4.5, watengenezaji huweka kikomo cha nanosekunde 500 kwa ishara kupanda au kushuka. Sasa fundi anataka kutuliza mruko wa swichi, yaani kudundadunda kwa ncha zake inapobonyezwa: anaweka rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100. Kipimo cha muda wa jozi hiyo ni milisekunde 1, yaani mara 2,000 ya kikomo. Ishara inapotambaa kupita katikati, kelele ndogo tu hugeuza lango mara kadhaa, na kihesabio husoma mabonyezo manne badala ya moja. Kuongeza kapasita kubwa zaidi, dawa ambayo wengi huikimbilia, huifanya ishara itambae zaidi.

Dawa yenyewe ni ya siku nyingi. Otto Schmitt, mwanasayansi wa Marekani, aliibuni mwaka 1934 akiwa bado mwanafunzi, akichunguza neva za ngisi. Lango lake hugeuka juu kwa volteji moja na hurudi chini kwa volteji nyingine iliyo chini zaidi, hivyo kelele ndogo kuliko pengo hilo haina nguvu. Chipu ya 74HC14 imebeba malango sita ya aina hiyo, na mpangilio wa miguu yake ni uleule wa 74HC04. Anayerekebisha bodi hubadilisha chipu tu. Bodi yenye kapasita ya kutuliza swichi lakini isiyo na lango la Schmitt baada yake haifai kupewa alama ya juu, hata ikifanya kazi mezani.

Multimita huhadaa katika ukaguzi huu. Ukinzani wake wa ndani, mara nyingi megaomu 10, huuvuta mguu unaoning'inia hadi hasi, na hitilafu hutoweka mara ncha inapogusa. Kipimo cha kuaminika ni mkondo wa bodi nzima ikiwa imetulia, swichi zikiwa wazi na taa zikiwa zimezimwa. Chipu chache za 74HC katika hali hiyo hula mikroampia chache. Zikila miliampia, kuna mguu ambao haujafungwa.