Bach kwenye Nyuzi Nne za Besi

Jumapili asubuhi, kwenye barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, sauti ya kwanza kukufikia kutoka kanisani si ya waimbaji. Ni besi. Mlio wake mnene hupenya matofali na mabati, ukazunguka migomba, ukakufuata karibu na Ziwa Tanganyika. Maneno ya wimbo utayasikia ukishaukaribia mlango. Lusenda ni vilevile, kijijini na hata kambini ambako wakimbizi wa Burundi wamekuwa wakiishi tangu 2015. Korali inaweza kukosa kinanda, lakini besi ikiwepo, na batri ikiwa imeshiba jua, wimbo una pa kusimama.

Mwenye besi yenyewe hatazamwi. Husimama nyuma, karibu na ampli, na watu humkumbuka siku akikosea. Hapa namsifu kwa kazi ambayo hakuna anayemwomba: kukaa peke yake na gitaa hilo la nyuzi nne, akapiga Bach.

Muziki wa klasiki si mgeni Kongo. Mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu na rubani aliyekuwa amepoteza kazi, alianzisha okestra ya Kimbanguiste mjini Kinshasa. Vyombo vilikuwa vichache, watu wakapokezana; uzi wa fidla ukikatika, waya wa breki za baiskeli ulishika nafasi yake. Hata kontrabasi walijitengenezea wenyewe. Ila kule kuna umati wa wapigaji wanaobebana. Mwenye besi ya umeme akishika Bach hana wa kumbeba.

Wengi huanza na suiti ya kwanza ya selo, ile ya sol. Bach aliandika suiti sita za namna hiyo mnamo 1720 hivi, kwa selo moja bila msindikizaji. Nakala ya mkono wake haikubaki. Inayotegemewa zaidi ni ile aliyoinakili mkewe, Anna Magdalena. Selo hufungwa do, sol, re, la. Besi hufungwa mi, la, re, sol, na uzi wake una urefu wa sentimita 86 hivi, wakati wa selo haufiki 70. Kwa hiyo vidole vya selo havifai hapa, na mpigaji lazima aitafute njia upya. Noti zenyewe anazisoma kama zilivyoandikwa, ila besi huzitoa oktavu moja chini.

Tazama mkono wa kushoto kwenye vipimo vinne vya kwanza. Kidole cha kati kinakandamiza kase ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, kwenye uzi wa mi: ndiyo sol ya chini. Kikishakaa pale, hakiondoki. Vidole vitatu vilivyobaki ndivyo vinavyotembea. Re inapatikana kwenye uzi wake ulio wazi, si kwenye kase ya tano chini ya kidole kidogo. Cha pete kinachukua si kwenye kase ya nne ya uzi wa sol, na shahada inagusa la kwenye kase ya pili. Kipimo cha pili, shahada inahamia mi na kidole kidogo kinapanda hadi do. Cha tatu ndicho kigumu. Fa-diyezi na si ziko kase moja, ya nne, kwenye nyuzi mbili zinazopakana, na zote mbili ni mali ya kidole cha pete. Kikiruka kutoka uzi hadi uzi, muziki unakatika. Basi hakiruki, kinalala kidogo, kikabingirika kutoka ncha hadi nyama ya juu, kisha kinarudi. Anayetazama toka mbali haoni kitu. Kipimo cha nne, mkono uko nyumbani tena, na haujasogea hata kase moja.

Mpiga besi wa korali akisikiliza vizuri anagundua kwamba njia hii anaijua. Vipimo hivyo vinne ni akodi ya kwanza, ya nne, ya tano, kisha ya kwanza tena, zile zile zinazobeba nyimbo nyingi za ibada. Tofauti ni moja: kanisani besi ndiyo inayohama na sauti nyingine zinaifuata, hapa besi inasimama tuli na akodi zinapita juu yake. Kazi yake ya kila wiki imegeuzwa juu chini. Ndiyo maana naamini kijana wa korali yuko karibu na Bach kuliko anavyodhani. Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alifanya gumba lishike besi huku shahada ikiimba, gitaa moja likawa watu wawili. Bach alifanya hivyo kwa noti zinazokuja moja baada ya nyingine, na sikio ndilo linalozigawa.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, ni kunyamazisha. Upinde wa selo huishikilia noti na kuiacha. Uzi wa besi ukidonolewa hulia mpaka uchoke, na nyuzi usizozigusa huitikia zenyewe: piga sol ya chini, na uzi wa sol ulio wazi utaanza kuvuma bila ruhusa. Kwa hiyo nusu ya ufundi ni kuzima. Gumba la kulia hujilaza juu ya nyuzi za mi na la, kila vidole vinapopanda, na vidole vya kushoto visivyo na kazi hugusa nyuzi kwa wepesi, bila kukandamiza. Ukimsikiliza mtu hodari hujui kama hilo linafanyika. Ukimsikiliza mwanafunzi, ni matope. Mpiga besi Jaco Pastorius, aliyerekodi Chromatic Fantasy ya Bach mwaka 1981 kwenye Word of Mouth, nashangazwa zaidi na usafi wake kuliko kasi yake.

Spika ndogo nayo ina lake: sol ile ina mitetemo 49 kwa sekunde, na spika nyepesi haiwezi kuitoa vizuri. Nyuzi zilizojaa jasho huzidisha giza. Duniani kote wapiga besi huzichemsha kwenye sufuria, uchafu ukatoka, ukali ukarudi kwa muda. (Sufuria isiwe ya sombe.)

Karibu na mwisho, uzi wa re unapigwa wazi tena na tena huku kidole kikipanda kase kwa kase kwenye uzi wa sol, hadi ya 12. Halafu inakuja akodi ya kufunga: sol ya chini, si, sol ya juu. Sol ya chini iko kase ya tatu, ya juu iko ya 12, na hakuna mkono unaofika. Wengi huiacha ya juu. Wengine huipiga ya chini, huidumisha kwa kidole cha kushoto, kisha huleta mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa na kugonga si kwenye kase ya tisa ya uzi wa re pamoja na sol kwenye ya 12, vidole viwili kwa mpigo mmoja. Mimi niko upande wa hao wanaogonga.