Mariamu si kosa: ni ndugu yake Mary

Juzi nilipitia soko la Sondu, pale ambapo Wajaluo na Wakipsigis hupatana bei kwa Kiswahili. Mama mmoja muuza nyanya akanisimamisha. "Prof, hebu nisaidie. Mjukuu wangu cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu. Shuleni wamemwandika Mary, ati Mariamu ni jina la Waislamu. Ni kweli?"

Si kweli, mama. Majina haya yana chimbuko moja: Miryam la Kiebrania. Agano la Kale lilipofasiriwa kwa Kigiriki, liliandikwa Mariam. Agano Jipya la Kigiriki lina Mariam na Maria pia. Kilatini kikashika Maria, bila ile m ya mwisho. Kutoka hapo Wafaransa wakapata Marie, Waairishi Máire, nao Waingereza wakaishia na Mary.

Mariamu lilipita njia nyingine. Waarabu husema Maryam, na sura ya 19 ya Kurani inaitwa hivyo. Kiswahili kikaongeza irabu mwishoni, na baada ya m irabu hiyo huwa u: salamu, haramu, Ibrahimu. Hiyo ni kanuni ya lugha, wala si matamshi mabovu. Tena Mariamu limehifadhi m ambayo Mary limeipoteza. Sasa nani amrekebishe nani?

Na Wakristo je? Fungua Biblia ya Union Version ya 1952, Luka 1:27. Mamake Yesu anaitwa Mariamu. Wakatoliki ndio waliozoea Maria. Hata hivyo, nina lawama kwa wafasiri hao: dadake Musa wamemwita Miriamu, hivyo msomaji hang'amui kwamba wanawake hao wawili ni wajina.

Lakini lawama kubwa ni kwa anayechukua kalamu na kubadilisha jina la mtoto kwa kipimo cha Kiingereza. Mzigo atakuja kuubeba mtoto mwenyewe: vyeti visipolingana, siku moja atalazimika kula kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kwamba Mariamu na Mary ni mtu mmoja.

Nilimshauri mama yule arudi shuleni na cheti mkononi, aombe jina liandikwe lilivyo. Nyumbani, wakipenda, wamwite Akinyi.